Thairoidi Ikilegea na Madaktari Wakipishana Kauli: Mwongozo Kamili kwa Mgonjwa Aliye Uganda

Mtu ambaye tezi yake ya thairoidi imelegea huanza safari ya matibabu kwenye kliniki ya mtaani, na mara nyingi huanza kwa jina la ugonjwa mwingine. Analalamika uchovu na maumivu ya mwili, anapimwa malaria. Malaria haipo, basi anapimwa Widal, naye anaambiwa ana taifodi kidogo, ingawa kipimo hicho huonyesha "ipo" kwa watu wengi wasio na taifodi. Tumbo likijaa na choo kikiwa kigumu, ni vidonda vya tumbo. Presha ikipanda kidogo, ni presha. Akitokwa na machozi mbele ya musawo, yaani mhudumu wa afya, ni mawazo.

Kisha siku moja mtu anaandika TSH, kipimo cha thairoidi, kwenye karatasi ya maabara, majibu yanatoka, na hapo ndipo vurugu ya pili inapoanza. Daktari mmoja anasema utameza dawa maisha yako yote. Mwingine anasema namba hizi si za kutibu. Wa tatu anaitazama shingo na kusema upasuliwe. Mgonjwa anarudi nyumbani na bahasha tatu, asijue afuate ipi.

Ninachokishikilia mimi ni hiki: madaktari wanapopishana kauli juu ya thairoidi, mara nyingi hawajaona karatasi zilezile, au hawajibu swali lilelile. Anayeweza kuwakutanisha kwenye ushahidi mmoja ni wewe, kwa sababu wewe ndiye pekee uliyekuwepo katika vyumba vyote vitatu.

Hatua ya kwanza: jua kinachopimwa

Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Hutengeneza homoni mbili, T4 kwa wingi na T3 kwa uchache, zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: moyo, utumbo, joto, hedhi, ngozi, hata fikra. Zikipungua, kila kitu hupoa. Unachoka, unasikia baridi wakati wenzako wanajipepea, unaongezeka uzito bila kula zaidi, ngozi inakauka, nywele zinakatika, choo kinafunga, hedhi inakuwa nzito, sauti inakwaruza, uso unavimba asubuhi, mikono inakufa ganzi, na unasahau ulichokwenda kuchukua jikoni.

TSH haitoki kwenye tezi hiyo. Inatoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuisukuma thairoidi. Ifikirie kama kondakta wa taksi anayegonga bati: dereva akizubaa, kondakta anagonga zaidi. Kwa hiyo TSH ikiwa juu, thairoidi yako iko chini. Hili huwachanganya wagonjwa, na nimesikia likiwachanganya hata wahudumu. Ukiambiwa tu "thairoidi yako iko juu", uliza papo hapo: ni TSH iliyo juu, au ni T4? Majibu hayo mawili yana matibabu yanayopingana kabisa.

Kwa mtu mzima asiye mjamzito, maabara nyingi huweka TSH ya kawaida kati ya 0.4 na 4.0 hivi. Kila maabara ina mipaka yake, nayo huandikwa pembeni mwa majibu. Kipimo cha pili cha lazima ni T4 huru, yaani ile isiyoshikamana na protini za damu. Cha tatu ni kingamwili za TPO, ambacho hakihitaji kurudiwa. Hutafuta kama kinga ya mwili wako mwenyewe ndiyo inayoishambulia tezi. Hali hiyo huitwa Hashimoto, kwa jina la daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, aliyeieleza mwaka 1912.

Sababu nyingine ni operesheni ya rovu (tezi ya thairoidi iliyovimba shingoni), matibabu ya iodini ya mionzi, na dawa kama amiodaroni ya moyo na lithiamu ya akili. Upungufu wa iodini ulikuwa tatizo kubwa hasa kwenye maeneo ya milima, lakini tangu miaka ya 1990 Uganda imelazimisha chumvi ya kula itiwe iodini. Chumvi ghafi inayochimbwa ziwani, kama ile ya Katwe, ni habari nyingine; usiihesabu kuwa ina iodini mpaka uione kwenye pakiti iliyoandikwa hivyo. Ikiwa unakula chumvi ya pakiti kila siku na bado tezi imelegea, basi huenda iodini si tatizo lako, na matone ya iodini au unga wa mwani wa baharini unaotangazwa kwenye simu unaweza kuilegeza tezi zaidi.

Hatua ya pili: daftari moja, si bahasha kumi

Katika vituo vingi vya serikali hapa Uganda, mgonjwa huja na daftari la shule na musawo huandika humo. Watu hulidharau. Wakienda hospitali binafsi wanapewa kadi, maabara inawapa karatasi, daftari linabaki nyumbani kuandikiwa hesabu za watoto. Nakuambia hilo ndilo chombo chako chenye nguvu kuliko vyote. Nunua lenye jalada gumu na ulitenge kwa thairoidi tu.

Ukurasa wa kwanza uwe na mambo yasiyobadilika: mwaka uliogunduliwa, TSH na T4 huru za siku ile kabla hujaanza dawa, upasuaji wowote, dawa zote unazomeza zikiwemo za TB, VVU, kifafa, uzazi wa mpango na mitishamba, na kwa mwanamke, kila uzazi uliotoka damu nyingi. Ile TSH ya mwanzo ni dhahabu. Miaka mitano baadaye daktari mpya atakuuliza kama kweli ulikuwa na ugonjwa, na kwa kuwa dawa itakuwa imeyanyoosha majibu, namba ile ndiyo shahidi wako.

Kurasa zinazofuata ziwe za majibu: tarehe, saa uliyotolewa damu, maabara, TSH, T4 huru, mipaka ya kawaida, kizio, dozi uliyokuwa ukimeza, na kama ulikuwa mgonjwa wa kitu kingine. Gundisha karatasi za maabara humohumo. Zipige picha pia, maana mvua ya Kampala na boda boda havijui karatasi.

Nyuma ya daftari andika dalili, lakini kwa vipimo. "Najisikia vibaya" haimsaidii mtu aliye na foleni ya wagonjwa mlangoni. Andika uzito kwa mzani uleule, mapigo ya moyo kwa dakika nzima ukiwa umetulia asubuhi, choo mara ngapi kwa wiki, hedhi siku ngapi. Kisha chagua mambo matatu tu yanayokutesa kuliko mengine, kwa maneno yanayoonekana: "Nilikuwa napanda mlima wa Kibuli bila kusimama, sasa nasimama mara tatu." Mara moja kwa wiki inatosha. Anayejichunguza kila saa ataziona dalili zote duniani.

Kwa wale ambao Kiswahili ndicho kinawatoka vizuri, na wako wengi, Arua, Bombo, ndugu zetu Wakongo walioko Nakivale na Kyangwali, ukurasa huu una faida ya ziada. Daktari akiwa anazungumza Kiingereza na Luganda tu, mwombe mtu unayemwamini akuandikie dalili zako tatu kwa Kiingereza nyumbani, kwa utulivu. Kutegemea jirani wa foleni akutafsirie hedhi yako si jambo zuri.

Hatua ya tatu: pima kwa namna ileile kila mara

Ugomvi mwingi wa madaktari huzaliwa maabara. TSH hupanda usiku na alfajiri, hushuka mchana. Ukipima saa moja asubuhi mwezi huu na saa tisa alasiri mwezi ujao, namba zinaweza kutofautiana bila chochote kubadilika mwilini. Chagua maabara moja na saa ileile ya asubuhi, ukae hapo.

Siku ya kupima, toa damu kwanza, kidonge umeze baadaye, kwa sababu T4 hupanda kwa saa chache baada ya kumeza. Vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini viache angalau siku mbili kabla. Huvuruga mashine nyingi za kupimia homoni. Na kama umetoka tu kulazwa kwa malaria kali au nimonia, subiri. Ugonjwa mkubwa huishusha TSH, na mwili unapopona huipandisha kwa muda. Wapo waliotangaziwa ugonjwa wa maisha yote kwa kipimo cha wiki ile waliyotoka wodini. Isipokuwa daktari ana sababu ya haraka, kipimo kilichopanda kidogo kirudiwe baada ya miezi miwili au mitatu.

Angalia pia kizio cha T4 huru. Maabara nyingine huandika pmol/L, nyingine ng/dL, na 1 ya pili ni karibu 12.9 ya kwanza. Mgonjwa mwenye 1.2 kwenye maabara moja na 15.4 kwenye nyingine hana homoni iliyoruka mara kumi na tatu. Ana namba ileile iliyoandikwa kwa njia mbili. Ukiliona hilo mapema utaokoa dozi isibadilishwe bure.

Hatua ya nne: tambua mnapishana kuhusu nini

Kabla ya kuhama daktari, ujue ugomvi ni wa aina gani, maana kila aina ina dawa yake.

*"Una ugonjwa" dhidi ya "huna".* Tazama namba. TSH juu na T4 huru chini, kukiwa na dalili, hakuna cha kubishania: unatibiwa. TSH juu ya 10, hata T4 ikiwa bado ya kawaida, madaktari wengi hutibu. Ugomvi wa kweli uko katikati, TSH kati ya 4 na 10 na T4 ya kawaida. Hapo madaktari wawili wazuri wanaweza kutofautiana na wote wakawa na hoja. Anayetaka kutibu huangalia kama una kingamwili, rovu, lehemu nyingi kwenye damu, au unatafuta mtoto. Anayetaka kusubiri anajua kwamba TSH ya namna hii mara nyingi hurudi yenyewe, na kwamba kwa wazee TSH hupanda kidogo kwa umri. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuata watu wa miaka 65 na zaidi wenye hali hii, na dawa haikuwapunguzia dalili. Kwa hiyo bibi wa miaka 75 mwenye TSH ya 6 akiambiwa asubiri, hajadharauliwa. Binti yake wa miaka 30 mwenye TSH ileile, kingamwili, na mimba mbili zilizoharibika, akiambiwa asubiri, aombe maoni mengine.

Mkikwama katikati, pendekeza jaribio lenye tarehe ya mwisho. Mwambie daktari kwa adabu: "Daktari, samahani, sikatai ushauri wako. Je, tunaweza kujaribu dawa miezi michache, tupime TSH ikishakaa sawa, na kama haya matatu niliyoandika hayajabadilika, tuiache?" Daktari mwenye busara hupenda swali hilo kwa sababu linampa njia ya kutoka. Andika jibu lake kwenye daftari, na tarehe.

*"TSH yako ni nzuri, huna thairoidi," lakini dalili zote unazo.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna mama wengi wanaopotea hapa. TSH peke yake hutegemea pituitari iwe nzima. Mwanamke aliyetokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua anaweza kuumia pituitari kwa kukosa damu. Dalili huanza kimya: maziwa hayatoki au hukatika mara moja, hedhi hairudi, nywele za kwapani na sehemu za siri zinapotea, uchovu hauishi. Miaka inapita. Akipimwa TSH inaonekana ya kawaida au iko chini, kwa sababu kondakta mwenyewe ndiye mgonjwa, na anarudishwa nyumbani. Jibu liko kwenye T4 huru, ambayo itakuwa chini. Ukiwa na historia hii, iseme kwa sauti katika kila chumba unachoingia, na uombe T4 huru na kotisoli. Kotisoli ni muhimu kwa sababu pituitari hiyohiyo huiamrisha tezi iliyo juu ya figo inayoitengeneza homoni hiyo, na kuanza dawa ya thairoidi kabla ya kurekebisha upungufu wa kotisoli kunaweza kukuangusha vibaya. TB nayo inaweza kuharibu tezi hiyo ya juu ya figo. Ukianza dawa ya thairoidi ukapata kutapika, kizunguzungu kila ukisimama na kuishiwa nguvu kabisa, usisubiri siku ya kliniki.

*"Acha dawa, umepona."* Hii ndiyo kauli inayonikera kuliko zote. TSH ikirudi kawaida ukiwa unameza dawa, maana yake dawa inafanya kazi. Ukiiacha, kwa wengi itapanda tena, ila polepole, kwa hiyo mwezi wa kwanza utajiona shujaa. Kuna wanaopona kweli, hasa baadhi ya wanawake ambao tezi ilitetereka katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Lakini hao huachishwa kwa mpango: dozi inapunguzwa, TSH inapimwa baada ya wiki 6 hadi 8, inapimwa tena baadaye. Anayekuambia uache bila kukupangia kipimo, hajakupa matibabu.

*"Upasuliwe" dhidi ya "meza dawa".* Rovu na upungufu wa homoni ni vitu viwili. Mtu anaweza kuwa na rovu kubwa na homoni za kawaida kabisa, na mwingine ana shingo nyembamba na TSH ya 80. Muulize daktari wa upasuaji sababu moja iliyo wazi: je, rovu linabana pumzi au kumeza? Je, kuna uvimbe unaoshukiwa saratani, na umeshapigwa picha ya mawimbi ya sauti na kuchukuliwa chembe kwa sindano nyembamba? Kama sababu ni muonekano tu, una muda wa kufikiri. Uulize pia ni kiasi gani kitatolewa. Tezi yote ikitoka, dawa ni ya maisha, na dozi huanzia karibu na 1.6 ya mikrogramu kwa kila kilo ya mwili; mtu wa kilo 60 ataangukia karibu na 100 kwa siku. Baada ya upasuaji, midomo ikikufa ganzi au vidole vikikakamaa, kalsiamu imeshuka, nenda siku hiyohiyo.

*"Ongeza dozi" dhidi ya "dozi inatosha".* Hili nimelipa hatua yake hapo chini.

Hatua ya tano: hakikisha dawa inaingia mwilini

Kabla ya kubishana kuhusu dozi, hakikisha unaimeza inavyotakiwa. Levothairoksini, kidonge cha T4 unachopewa, ni dawa yenye wivu. Haipendi kukutana na kitu tumboni. Imeze kwa maji matupu, saa nzima au angalau nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa ya asubuhi, kahawa na uji wenye soya huizuia. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, kalsiamu, na vile vidonge vyeupe vya kutafuna vya kiungulia vinataka umbali wa saa 4. Omeprazoli, ya kupunguza asidi ya tumbo, hupunguza ufyonzaji hata kwa umbali huo, kwa hiyo usiiache kimya. Mwambie daktari apange dozi akijua. Rifampisini ya TB, fenitoini na karbamazepini za kifafa huifanya homoni itumike haraka mwilini, na mara nyingi dozi hulazimika kupanda. Kliniki ya TB na kliniki ya thairoidi huwa hazizungumzi. Wewe ndiye barua kati yao.

Kama asubuhi yako ni vurugu ya watoto na safari, imeze usiku, saa 3 au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Kwa wanaofunga Ramadhani hiyo huwa njia rahisi: futari mapema, kidonge wakati wa kulala. Wengine huamka nusu saa kabla ya daku. Chagua moja ukae nayo mwezi mzima, na dozi isibadilishwe bila sababu katika mwezi huo.

Dawa hii hudumu sana mwilini. Nusu yake hubaki baada ya siku 7 hivi. Ndiyo maana TSH hupimwa wiki 6 hadi 8 baada ya kubadilisha dozi, kabla ya hapo unapima njia, hujafika. Ukisahau siku moja, huna haja ya hofu. Kinachoharibu ni kusahau wiki mbili halafu kumeza kwa bidii siku chache kabla ya kliniki. Majibu yatatoka TSH juu na T4 huru ya kawaida au juu, na daktari asiyejua ataona fumbo la ajabu. Mwambie ukweli tu. Hatakupiga.

Nunua kwenye famasi yenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, ikiwa ndani ya pakiti yake, si vidonge vilivyomwagwa kwenye bahasha ya karatasi. Joto, mwanga na unyevu huidhoofisha. Nyumba ya mabati kule Gulu au Moroto huwa tanuri saa nane mchana, kwa hiyo iweke mahali pa chini penye ubaridi, mbali na jiko, na usiihamishie kwenye kopo lisilo na jina. Famasi ikibadilisha kampuni iliyoitengeneza, andika kwenye daftari na upime tena baada ya wiki 6 hadi 8. Vidonge huja kwa nguvu tofauti, 25, 50, 100; hakikisha namba kabla hujaondoka dirishani.

Hatua ya sita: majibu mazuri, mwili mbaya

Umemeza vizuri, umepima vizuri, TSH iko ndani ya mipaka, na bado unachoka. Daktari wa kwanza anasema ni dozi. Wa pili anasema si thairoidi. Wengine hubaki na dalili hata namba zikinyooka, hilo linajulikana duniani, kwa hiyo usikubali kuambiwa unajifanya. Lakini pia usikubali haraka kuongezewa dozi. Dozi ikizidi, moyo hupoteza mpangilio na mifupa hudhoofika, na kwa mtu mzima mwenye moyo dhaifu hilo si mchezo.

Omba kwanza washukiwa wengine wa uchovu huo watafutwe. Wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, hasa kama hedhi ni nzito. Vitamini B12, kwa kuwa wenye Hashimoto hupata upungufu wake zaidi kuliko wengine. Sukari, figo, ini, VVU, ujauzito. Kukoroma na kukatika pumzi usingizini. Na sononi, ambayo kwetu husemwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu. Inatibika, na inaweza kuishi nyumba moja na thairoidi. Yote yakiwa safi na TSH yako iko karibu na mpaka wa juu, hapo ni haki kumwomba daktari aongeze kidogo, tuseme mikrogramu 12.5 au 25, kwa jaribio lenye tarehe kama lile la juu.

Utasikia habari za T3 na za vidonge vinavyotengenezwa kwa tezi za nguruwe. Mabingwa wenyewe hawajakubaliana juu ya T3, na kwa wengi haijaonyesha kuwa bora. Ukipata daktari bingwa wa homoni anayetaka kuijaribu na atakufuatilia, ni mazungumzo yenu. Kuagiza mwenyewe kwa mtu wa mtandaoni ni kutafuta shida kwa pesa yako.

Muhogo, kabichi na ulezi? Vikiliwa kwa wingi kila siku bila iodini vinaweza kuisumbua tezi. Kwa anayekula chumvi yenye iodini na chakula mchanganyiko, kula kalo yako (ugali wa ulezi au muhogo) kwa amani.

Hatua ya saba: tafuta maoni ya pili bila kupoteza ya kwanza

Kituo cha afya cha ngazi ya II au III huenda kisiwe na daktari kabisa. Ngazi ya IV huongozwa na daktari. Ukihitaji bingwa wa magonjwa ya ndani, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Arua, Gulu, Mbale, Fort Portal au Mbarara. Bingwa wa homoni ni wachache na wengi wako Kampala, kwenye hospitali kama Mulago na Kiruddu. Uliza siku ya kliniki kabla ya kupanda basi usiku. Huduma kwenye hospitali za serikali, nje ya wodi za kulipia, iliondolewa ada mwaka 2001, lakini jiandae kulipia kipimo cha homoni nje kama maabara yao haina vifaa siku hiyo. Kwa daktari binafsi usiyemjua, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda ndilo lenye orodha ya waliosajiliwa.

Ukifika, usianze na "daktari fulani alisema wewe umekosea". Weka daftari mezani na uliza maswali matatu: Kwa namba hizi, unadhani nina nini? Ni kipimo gani kingekufanya ubadili mawazo? Tukutane lini, na tutaangalia nini? Madaktari wawili wakijibu swali la pili, mara nyingi unakuta wanataka kipimo kilekile ambacho hakuna aliyewahi kukifanya.

Kisha chagua mmoja. Mmoja tu ndiye abadilishe dozi. Wengine washauri, waandike barua, lakini usukani uwe kwa mtu mmoja.

Mimba haisubiri mabishano

Mama anayemeza levothairoksini akigundua ana mimba, asingoje kliniki ya mwezi wa nne. Mtoto hutegemea homoni ya mama katika miezi ya kwanza, na hitaji hupanda mapema, kwa kawaida kwa asilimia 25 hadi 30. Madaktari wengi huanza kwa kuongeza vidonge viwili kwa wiki juu ya dozi ya zamani, kisha kupima TSH kila wiki 4 hadi katikati ya mimba, wakilenga chini ya 2.5. Panga hili na daktari wako kabla ya kushika mimba, na liandikwe kwenye daftari, ili siku ya habari njema usianze kubembeleza foleni. Mkunga akikuambia uache dawa zote kwa usalama wa mtoto, mwonyeshe ukurasa huo. Baada ya kujifungua dozi hurudi ya awali, na TSH hupimwa wiki ya 6.

Wakati wa kuacha ushauri na kukimbia

Mtu wa thairoidi, hasa mzee aliyeacha dawa, akipata homa ya mapafu au ugonjwa mwingine kisha akawa anasinzia asiamke vizuri, mwili wa baridi, kupumua polepole, uso umevimba, kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura inayoua. Usimpe maji ya glukosi ya kliniki ya mtaani usubiri asubuhi. Usimfunike kwa chupa za maji ya moto. Maumivu ya kifua au moyo unaokwenda mbio bila mpangilio baada ya kuongezewa dozi navyo havingoji. Tafuta gari uende hospitali yenye oksijeni na daktari wa zamu, chukua daftari na pakiti ya dawa, na neno la kwanza kumwambia muuguzi wa mapokezi liwe "thairoidi", kwa sababu asiposikia hilo ataanza na malaria.